Swali la Tatu Kwenye Fomu ya Mtungi

Vijana wangu wa ukaguzi, fomu mnayoijaza kabla gari halijaruhusiwa kushindana ina maswali matatu kuhusu mtungi wa kuzimia moto. La kwanza linauliza kama mtungi upo. La pili linauliza kama umefungwa imara. La tatu, lililoandikwa kwa herufi kubwa kuliko mengine, linauliza: unafunguka? Mnaliita swali la Fundi Paskali, na nimewasikia mkiwaambia wageni kwamba nililitunga kwa sababu nina akili ya kuona mbali. Sina. Nimestaafu sasa, magoti hayaniruhusu tena kulala chini ya gari, na kabla sijaanza kusahau mambo nataka mjue swali hilo lilitoka wapi. Nitaanza mbali kidogo. Mnivumilie, mzee akistaafu hubaki na mdomo tu.

Nilikuja Babati wakati mkoa wa Manyara ulikuwa ndio kwanza umemegwa kutoka Arusha. Ofisi zilikuwa zinahamiwa rangi ikiwa bado mbichi, na kila mgeni mjini alikuwa anatafuta chumba cha kupanga Bagara. Karakana ya magari niliyopangiwa ilikuwa na paa, shimo moja la kukagulia, na Mzee Akonaay. Huyu alikuwa fundi mkuu, mtu wa milima ya Mbulu, mfupi, mwenye mikono mikubwa isiyolingana na mwili wake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa kutoka kwenye injini, kisha akaniuliza kama nina kisu. Nikasema sina. Akasema basi bado sijawa fundi.

Siku hiyo sikushika spana. Alinipa kisu chake na rundo la mipira ya ndani ya matairi ya lori, akaniagiza niichane vipande vya upana wa vidole viwili. Nilichana wiki nzima. Nilikuwa na cheti cha ufundi kutoka chuoni, na cheti kilikaa kwenye bahasha kikinisubiri. Baadaye nilielewa. Kwenye karakana isiyo na vipuri, mpira ndio kipuri chenyewe. Unashikilia betri, unaning'iniza bomba la moshi, unafunga boneti iliyogoma kufunga, na gari linafika Kiteto na kurudi bila mkubwa aliyekaa nyuma kujua kwamba roho yake imeshikiliwa na tyubu kuukuu.

Mzee Akonaay alikuwa na fundo lake. Alizungusha mpira mara tatu, akapitisha ncha chini ya mizunguko, akavuta huku amekanyaga kwa mguu, halafu akaacha mkia wa urefu wa kiganja ukining'inia nje. Ukiuvuta mkia ule, fundo lote linaachia. Mimi niliuona kama uchafu. Siku moja nikaufutika ndani ili kazi ionekane safi. Akaja, akautoa, akaniambia taratibu:

“Wewe Paskali unafunga vizuri. Lakini ukifunga, mfikirie atakayefungua. Huenda ana haraka kuliko wewe.”

Nikasema sawa mzee. Tulisema sawa mzee kwa mambo mengi wakati ule. Miaka michache baadaye alistaafu, akarudi kwao kulima ngano na kufuga, akaniachia kisu chake. Kisu hicho kimekaa kwenye mfuko wangu wa suruali mpaka leo.

Mbio za magari zilianza kama mchezo wa wenye nafasi. Walikuwa wafanyabiashara wa nafaka, wenye maduka ya vipuri, mabwana wawili watatu wa ofisini, na wengine waliokuja na biashara ya madini ya Mirerani wakachoka kukaa. Walinunua magari madogo yaliyochakaa, wakang'oa viti vya nyuma, wakachomelea mabomba ya chuma ndani ili paa lisiwabonyee, na Jumapili baada ya ibada wakashindana kwenye barabara za vumbi za mashambani. Hakuna aliyekuwa mtaalamu. Chama kilipoundwa waliniomba niwe mkaguzi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nawatengenezea magari hayo hayo jioni nikitoka kazini. Ni sawa na kumwomba muuza nyama aseme kama nyama yake imeoza. Nilikubali.

Ukaguzi wa kwanza niliufanya kwenye uwanja wa shule, magari kumi na moja yamepangwa mstari. Nilikuwa na chaki, tochi, fomu na kisu. Gari la kwanza lilikuwa na mtungi wa kuzimia moto, mwekundu, mzuri. La pili pia. Kufika gari la tano nikagundua kwamba mitungi yote ina mkwaruzo mmoja mahali pamoja. Nikachora alama ya chaki chini ya mtungi wa gari la tano, nikasogea la sita, nikainua mtungi, nikaikuta alama yangu inanitazama. Nikamuuliza dereva mtungi ni wa nani. Akanijibu bila aibu kwamba ni wa ukoo. Watu walicheka, na mimi nilicheka, lakini siku ile magari sita yalirudi nyumbani bila kushindana. Wenye magari hayo hawakuniamkia kwa mwezi mzima.

Hapo ndipo nilipoanza kuwasumbua. Niliwafanyisha zoezi la kutoka. Dereva na msoma ramani wake, yule anayekaa kushoto akimsomea kona zinazokuja, wanafunga mikanda, wanavaa helmeti, nami nasimama nje na saa. Nikipiga paa kwa kiganja, dereva anazima swichi ya umeme, wote wanafungua mikanda, wanatoka kupitia dirishani. Nilitaka iwe chini ya sekunde kumi. Mara ya kwanza bwana mmoja mwenye kitambi alikwama dirishani mpaka tukamsukuma, akasema mimi namdhalilisha mbele ya wateja wake. Nikamwambia atadhalilika zaidi wateja hao wakimzika. Nilikuwa na ulimi mkali siku hizo. Siku hizi umelainika, na mtaona sababu.

Waliokuwa wazuri kuliko wote ni Baba Neema na Mwalimu Boay. Baba Neema alikuwa mtu wa Moshi, mwenye mashine ya kukamua alizeti hapa mjini, mpole wa maneno na mkali wa usukani. Msoma ramani wake, Mwalimu Boay, alifundisha hesabu shule ya msingi na aliishi Singe na mkewe, Mama Helena. Mwalimu aliandika kona zote kwenye daftari la mistari kwa mwandiko wa ubaoni, na alisoma kwa sauti ile ile aliyosomea majina ya wanafunzi asubuhi. Walitumia sekunde nane kutoka. Wangetumia saba, ila Mwalimu alikuwa na tabia moja. Nikipiga paa, kabla ya kufungua mkanda, anavua miwani, anaiweka kwenye kasha lake, anatia kasha mfukoni. Nilimgombeza kila mara. Nilimwambia moto hausubiri miwani. Alinijibu kwamba mshahara wa mwalimu nao hausubiri miwani mipya.

Nimefika kwenye Jumamosi yenyewe, siku ya ukaguzi. Nimekuwa nikiizungukia.

Yalikuwa mashindano makubwa kuliko yote tuliyowahi kuandaa. Magari yalikuja kutoka Arusha na Singida, na pamoja nayo akaja mkaguzi mgeni wa Arusha, bwana mwenye koti la wakaguzi lenye mifuko mingi na kalamu tatu. Nilikuwa nimefua ovaroli langu mara mbili. Baba Neema alileta gari lake mchana. Kila kitu kilikuwa sawa, isipokuwa mtungi. Alikuwa amenunua mpya, mkubwa kuliko wa zamani, kwa nia njema kabisa, na ule mpya haukuingia kwenye kishikizo cha chuma nyuma ya viti. Kanuni ilikuwa wazi: mtungi usiposhikiliwa, gari haliondoki, kwa sababu gari likipinduka mtungi huruka na kupasua vichwa. Fundi wa kuchomelea kule Bagara alikuwa hana umeme tangu asubuhi. Baba Neema alisimama mikono kiunoni. Alikuwa ameliandaa gari lile kwa nusu mwaka, na Mwalimu alikuwa ameomba ruhusa shuleni ili wakapitie njia.

Ningesema hapana. Nilikuwa nimesema hapana kwa magari mengi yenye makosa madogo kuliko hilo. Lakini nilimpenda Baba Neema, nikampenda Mwalimu zaidi, na yule mgeni wa Arusha alikuwa amesimama nyuma yangu anatazama. Nikachukua mpira kwenye boksi langu la vifaa, nikaingia ndani ya gari, nikaufunga mtungi kwenye bomba la chuma kwa mkono wangu mwenyewe. Nilizungusha mara tatu, nikapitisha ncha, nikakanyaga, nikavuta. Mkia ulipobaki unaning'inia nikauona mchafu mbele ya mgeni. Nikaufutika ndani, nikakaza tena.

Yule mgeni aliinama, akautikisa mtungi kwa mikono miwili. Haukusogea hata unywele. Akasema, “Huu hautoki.” Nikafurahi. Nikaweka tiki kwenye maswali mawili yaliyokuwapo wakati ule: upo, ndiyo; umefungwa imara, ndiyo. Mwalimu alinishika bega, akasema sasa hata kiboko wa ziwani akitupiga, mtungi utabaki. Wakaondoka.

Jumapili nilikaa mwisho wa njia na redio ya upepo. Magari yalitoka moja moja, na vijana waliosimama kwenye vituo walinitajia namba kila lilipopita. Namba ya Baba Neema ilipita kituo cha kwanza. Ilipita cha pili. Kituo cha tatu, kule ng'ambo ya Singe ambako barabara inashuka kwenye korongo, kilinyamaza. Nikauliza. Kijana wa kituo akajibu kwamba anaona vumbi upande wa korongo lakini haoni gari. Kisha akasema haoni vumbi tena, anaona moshi.

Nilifika baada ya robo saa. Nitawaambia nilichokiona na nilichoambiwa na waliokuwapo, wakulima wawili waliokuwa wakipalilia alizeti zao juu ya korongo. Gari lilikuwa limelala ubavu wa kushoto, upande wa Mwalimu, limeegemea ukingo. Baba Neema alikuwa ametoka mara moja kwa dirisha la juu, kama tulivyofanya mazoezi. Mwalimu alikuwa mzima, anaongea, ila mguu wake ulikuwa umebanwa na chuma cha mbele kilichokunjika. Moto ulikuwa kwenye injini. Wakulima walisema mwanzoni ulikuwa mdogo, kama wa jiko la mkaa linalowashwa. Mtungi mmoja ungeuzima, na bado dawa nyingine ingebaki ndani yake.

Baba Neema alirudi ndani kuchukua mtungi. Aliushika. Akatafuta mwisho wa mpira, hakuuona, kwa sababu mimi nilikuwa nimeuficha. Akavuta, ukakaza zaidi. Fundo la Mzee Akonaay bila mkia ndivyo lilivyo, ukilivuta linajikaza. Akajaribu kwa kucha, halafu kwa meno. Hakuwa na kisu. Mimi nilikuwa nacho mfukoni, kilomita sita kutoka pale. Wakulima walileta udongo kwa majembe, kijana wa kituo alikuja mbio na mtungi wake, na hatimaye walimvuta Mwalimu kupitia kioo cha nyuma. Moshi ulikuwa umeshamaliza kazi yake. Hakufika hospitali.

Nilipoingia kwenye lile gari lilikuwa linavuja maji na povu. Mbele palikuwa peusi. Nyuma ya viti mtungi ulikuwa pale pale, mzito, umejaa, haujatumika, na mpira umeungua ukingo mmoja tu. Kwenye fundo palikuwa na alama za meno. Nikatoa kisu cha Mzee Akonaay, nikaukata mpira upande wa pili, mbali na fundo, kwa mkato mmoja. Ulikatika kirahisi sana. Nikautia mfukoni. Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba niliuchukua ili kuhifadhi ushahidi. Vijana, ushahidi huhifadhiwa mezani mbele ya watu. Mimi niliiba.

Tulimzika Mwalimu Singe. Mama Helena alirudishiwa vitu vilivyokutwa mfukoni mwa marehemu, na kati yake lilikuwamo kasha la miwani. Alilifungua mbele yetu. Miwani ilikuwa ndani, haina hata mkwaruzo. Alikuwa ameivua kama kawaida yake, akaiweka, akasubiri atolewe.

Wiki mbili baadaye chama kilikaa kuchunguza. Baba Neema alikuja na mikono imefungwa bandeji mpaka kwenye viwiko. Mwenyekiti alisoma taarifa ya wakulima, akafika kwenye habari ya mtungi, akauliza ni nani aliyeufunga kwa mpira. Yule mgeni wa Arusha hakuwapo. Mimi nilikuwa nimekaa kiti cha tatu kutoka dirishani. Nilifungua mdomo, naapa nilifungua, lakini Baba Neema alikuwa amesimama tayari.

“Mimi ndiye niliyeufunga,” alisema. “Mkaguzi aliukuta umeshafungwa.”

Nikafunga mdomo. Ndivyo ilivyokuwa, na hakuna namna nzuri ya kuliandika jambo hilo. Walimfungia asishindane maisha, adhabu ya bure kwa mtu asiyeweza kushika hata kijiko. Mjini watu wakaanza kusema aliokoa roho yake akamwacha mwenzake. Wateja wa mashine walipungua, wengine wakampita njiani bila salamu. Mwaka haukuisha aliuza mashine akarudi Moshi. Kabla hajaondoka nilimfuata, nikamkuta anafunga mizigo kwenye lori, vidole vyake vimekakamaa. Nikamuuliza kwa nini alisema vile. Alinitazama bila hasira, na hilo liliniumiza zaidi.

“Baba Anna, mimi mbio nimeacha,” akasema, akiniita kwa jina la binti yangu. “Wakikufukuza wewe, nani atawakagua hawa wengine? Utarudi mtungi wa ukoo.”

Nikashika maneno hayo kama ruhusa. Nilijiambia kwamba nanyamaza kwa faida ya madereva. Mtu akitaka kunyamaza hakosi sababu. Mkutano uliofuata nilisimama, nikapendekeza swali la tatu liongezwe kwenye fomu, na zoezi jipya: dereva afumbwe macho, afikie mtungi kwa mkono wa kushoto, aufungue kwa sekunde tano, na kila gari liwe na kisu cha kukatia mkanda mahali ambapo wote wawili wanakifikia. Mpira nikaupiga marufuku. Mwenyekiti akasema chanda chema huvikwa pete, wakanipigia makofi, wakaniandikia barua ya shukrani. Barua ninayo. Swali hilo limeokoa watu, nawajua kwa majina: dereva yule ambaye gari lake liliwaka moto kule Magugu alitoka na kuuzima moto wake mwenyewe kabla msoma ramani hajamaliza kupiga kelele. Nilimpongeza. Kisha nilikwenda nyuma ya gari la huduma, nikakaa huko mpaka magari yote yalipoondoka.

Miaka yote hiyo nilikutana na Mama Helena kila Jumapili nje ya kanisa. Nilimwambia Tumsifu Yesu Kristo, akaitikia Milele na milele, amina. Nilimuuliza ng'ombe wanaendeleaje, akaniambia. Alimsomesha Helena kwa maziwa. Sikuwahi kumwona akikataa mkono wangu, na niliuchukulia mkono ule kama dalili kwamba hajui.

Mwezi uliopita nilifanyiwa sherehe ya kustaafu, mlikuwapo. Mliniletea keki yenye umbo la gari, mkasoma swali la tatu kwa sauti, wote kwa pamoja, mkacheka. Sikulala vizuri siku chache. Jumamosi iliyofuata nilichukua bajaji mpaka Singe, mchana, nikiwa na kopo la skrubu ambalo chini yake nilikuwa nimeuweka ule mpira. Mama Helena alikuwa uani anachambua maharage. Alinivutia kigoda. Nilikaa, nikakataa chai, nikamwambia yote, tangu kishikizo mpaka bandeji za Baba Neema. Sauti yangu ilikuwa kama ya mtu anayesoma fomu. Nilipomaliza aliendelea kuchambua kwa muda, akitupa mawe pembeni.

“Nilijua,” alisema.

Nikamuuliza tangu lini.

“Tangu Jumamosi yenyewe. Mume wangu alirudi jioni amefurahi. Aliniambia nisiwe na hofu, mtungi umefungwa na Paskali kwa mkono wake. Baba Neema alikuja hapa kabla hajahama, akapiga magoti, akasema ni yeye. Nikamwambia inuka, baba, najua si wewe.”

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia, kwa nini hakumwambia mtu yeyote.

“Ulikuwa unanisalimia kila Jumapili,” akasema. “Nilidhani Jumapili moja utasema.”

Nililia, naandika hivyo bila kuona haya, na yeye hakunibembeleza. Mwishowe akanyoosha mkono akasema nimpe huo mpira. Nikautoa chini ya skrubu. Akaupangusa kwa kanga, akaugeuza geuza, akapitisha kidole kwenye alama za meno, kisha akauweka kwenye mapaja yake akaanza kuufungua.

Alitafuta ncha. Aliingiza ukucha upande huu, akaingiza upande ule. Alivuta, akaona unakaza, akaacha, akaanza upya. Nilitaka kumwambia kwamba mpira umekauka kwa miaka mingi, kwamba hata mimi nisingeuweza. Nikanyamaza, maana hata ulipokuwa mpya ulikuwa hivyo hivyo. Kisu kilikuwa mfukoni mwangu, nikakisikia kizito pajani, lakini sikuthubutu kukitoa. Alijaribu mpaka ng'ombe wakaanza kulia wakitaka kukamuliwa. Ukucha mmoja ulikuwa umepasuka. Hapo akausogeza kwangu juu ya ungo wa maharage.

“Haufunguki,” alisema. “Wapelekee hao unaowafundisha.” Akachukua ndoo, akaenda kukamua.

Nimempigia simu Baba Neema, nikamwomba ruhusa ya kulisafisha jina lake. Akasema miaka imepita, fanya unavyoona. Nimeona niandike. Nakala moja ya karatasi hizi nimempa mwenyekiti aisome mkutanoni, mimi nikiwapo. Nyingine ni hii yenu, na ndani ya bahasha yake mtaukuta mpira. Utundikeni pale mnapojazia fomu, na kila mkaguzi mpya apewe aufungue kabla hajakabidhiwa kalamu. Mpeni muda. Msiukate.